Sony a7 III au Canon R6 kwa harusi? Naombeni ushauri

Mpiga_Mbagala: Wakuu, heshima kwenu. Napiga harusi, picha na video. Nataka kuhamia mirolesi (kamera zisizo na kioo cha ndani), bajeti milioni 3.5, bodi iliyotumika, yaani kamera bila lensi. Nimebaki njia panda kati ya Sony a7 III na Canon R6. Kuna sendofu Jumamosi, usingizi sina. Nichukue ipi?

Fundi Lensi: Zote zina sloti 2 za kadi na sensa inayotulizwa ndani mkono ukitetemeka. Megapikseli 24 kwa 20 hazitaonekana kwenye albamu. Kinachoamua ni lensi. Unazo zipi?

kandambili: Ukumbini kila kitu ni mwanga. Nunua flashi na trigga ya kuiwasha kwanza. Na ujue trigga ya Canon haitakupa TTL (flashi kujipimia mwanga yenyewe) kwenye Sony.

Mpiga_Mbagala: Flashi ninazo. Tujadili bodi.

Fundi Lensi: Sijajibiwa. Lensi zipi?

Mpiga_Mbagala: Za Canon za kizazi cha nyuma, EF: 24-70 f/2.8L II, 85 f/1.8 na 70-200. Lakini Sony nayo ina adapta, na lensi za Tamron na Sigma zimejaa huko.

Fundi Lensi: Hapo ndipo penyewe! Adapta ya EF kwenda RF, yaani mlango wa lensi wa R6, haina vioo, ni pete ya kujaza milimita 24 tu: EF hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, RF 20. Bodi na lensi zinaelewana bila mkalimani. Kwenye Sony, adapta inatafsiri lugha ya kampuni nyingine. Picha tuli utapata, ila kwenye video, bibi harusi akitembea kuja kwako, fokasi inahangaika mbele na nyuma. Ukienda Sony, uza hizo EF ununue Tamron 28-75 f/2.8 G2. Usichanganye.

Mama Lensi: R6 nayo hupata joto kwenye video ndefu ya 4K hadi inakata. Ibada nzima usiitegemee peke yake.

Mpiga_Mbagala: Kusema kweli nimeshatoa advansi laki 5 ya a7 III. Muuzaji ni mtu safi. Na skrini yake inafunguka pembeni, nzuri kwa video.

kandambili: Ushauri huombwa hela ikiwa bado mfukoni, ndugu yangu.

SlotiMbili: Subirini. Skrini ya a7 III haifunguki pembeni, inainuka na kushuka tu. Huyu hajaishika. Uzi wa kutunga huu, kesho ataweka namba ya dalali.

Mpiga_Mbagala: Wallahi niliifungua kwa mkono wangu!

Mama Lensi: Basi si a7 III. Kitundu cha kuchungulia kiko juu katikati, kwenye nundu, au kona ya kushoto? Kikiwa konani hiyo ni a7C. Megapikseli zilezile 24, betri ileile NP-FZ100, ndiyo maana picha hazikukushtua. Lakini shata inaishia 1/4000, flashi inaenda nayo hadi 1/160 badala ya 1/250, na kadi ni moja. Ikifa katikati ya ndoa, huna nakala.

Mpiga_Mbagala: Konani kushoto. Nimempigia, anasema ni ileile. Nimemwambia afungue kifuniko cha kadi anitumie video. Sloti moja.

Fundi Lensi: Dai laki 5 yako leo, kwa maandishi, na video hiyo itunze. Ukipata R6, kabla ya kulipa vaa 24-70 yako na adapta, weka f/2.8, mtu atembee kuja kwako, kisha hakikisha kadi zote 2 zinaandika.