MREJESHO: Blauzi nyeusi yenye boga la Halloween

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kushona blauzi ya Halloween, ile sherehe ya mavazi ya kutisha ya Oktoba 31, kwa kitambaa cha tisheti na cherehani ya kawaida, bila ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa). Imetoka safi.

Kitambaa cha upana wa sm 150 kinatosha mita moja tu, na Makoroboi, hapa Mwanza, vipo vya kuchagua. Kifuliwe kwanza mpaka maji yatoke meupe, la sivyo weusi utachafua kiraka cha boga.

Boga lishonwe kwenye kipande cha mbele kikiwa bado bapa, kabla ya kuunga mbavu. Zigzagi upana mm 3, urefu mm 0.5, na chini weka karatasi ya daftari, uichane ukimaliza. Bila karatasi kitambaa kinajikunja pembezoni mwa boga, na pasi haikirudishi.

Sindano iwe ya ncha butu. Ile kali inaruka mishono.

Shingo ndiyo kazi. Mzunguko ukiwa sm 60, utepe ukatwe sm 51, upana 5, uvutwe wakati wa kushona. Ukilingana na shingo, utabinuka. Kuhusu mikono, aliyeshauri mirefu hajui joto la Mwanza, mifupi inatosha.