Mrejesho: kamera nimechukua, lenzi nimeanza kuzielewa
Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi) ya kwanza kwa bajeti ndogo. Mlinisihi nisimalizie hela yote kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi), nibakize ya lenzi. Nimesikia: nimechukua Canon EOS 200D iliyotumika na lenzi yake ya 18-55mm, nikaongeza lenzi ya 50mm ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi).

Jumapili nilimpiga bibi picha jikoni, mwanga wa dirisha tu. 18-55mm ikivutwa mwisho inaishia f/5.6, picha ikajaa chengachenga. 50mm nikaifungua yote: mikunjo ya macho yake inahesabika, ukuta nyuma umeyeyuka! Ila kwa sensa ndogo ya kamera hii (APS-C), 50mm inabana picha kama 80mm kwenye sensa kubwa ya full frame. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati. Asanteni sana, nawashukuru kwa moyo wote.