Msaada: laptopu niliyoiwekea IP ya kudumu imegoma intaneti

Mkokoteni: Wakuu, naombeni msaada, nimekwama. Runinga inasoma muvi kutoka kwenye laptopu (Windows 11) kwa anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao. Nikaiweka ya kudumu: 192.168.43.50, maski 255.255.255.0, geti (kifaa cha kutokea intaneti) 192.168.43.1, DNS 8.8.8.8. Jana ilipiga kazi safi. Leo imeunganishwa, intaneti hakuna, na runinga haioni kitu.

Kibatari: IP ya kudumu inaombwa kwa kampuni ya mtandao, na inalipiwa.

Fundi_Nyaya: Hiyo ni ya nje. Huyu anataka ya ndani, haina malipo. Mkuu, chukua kifaa kingine kwenye Wi-Fi hiyohiyo, usome geti. Na ruta ni aina gani?

Mkokoteni: Geti inasoma 10.92.14.7. Ruta hakuna, ni hotispoti ya simu. Tafadhali msiniambie ninunue ruta, bando la simu linanitosha na kila kitu nimeshakipanga.

Bi_Swichi: Ungelisema mapema. Android za zamani zilikaa kwenye 192.168.43.1 siku zote. Nyingi za sasa hubadilisha mtandao mzima kila ukiwasha hotispoti. iPhone ni 172.20.10.1, maski 255.255.255.240.

Mzee_Kibao: Muvi kila siku, watoto watasoma saa ngapi?

Pweza: Naona chai hapa. Simu ya zamani haiachi 43, mpya haikai 43. Jana ikubali leo ikatae? Stori ya kutunga.

Mkokoteni: Si chai! Jana ilikuwa simu ya mke wangu, ya zamani. Leo ni yangu, mpya. Jina la hotispoti na neno la siri nimeyaacha yaleyale ili runinga isisumbue.

Fundi_Nyaya: Ndiyo maana. Ukiiweka IP kwenye sifa za Wi-Fi fulani, Windows 11 inaikumbuka kwa jina la hiyo Wi-Fi. Jina ni lile, mtandao ni mwingine. Ingia Mipangilio, Mtandao, Wi-Fi, sifa za hotispoti hiyo, rudisha ugawaji wa IP uwe otomatiki. Kisha washa utiririshaji wa midia kwenye Windows. Runinga yenye DLNA (mfumo wa kurushiana muvi kwenye mtandao wa ndani) itaitafuta laptopu yenyewe, huna haja ya kuandika anwani.

Bi_Swichi: Akitaka ya kudumu kweli, dawa ni ruta ndogo ya laini. Zile za 192.168.8.1 kwa kawaida hugawa anwani zinazoishia na 100 hadi 200. Itengee MAC (namba ya kadi ya Wi-Fi) ya laptopu anwani moja humohumo kwenye ruta, na uzime MAC ya kubahatisha kwenye Windows. Ukiiacha, ruta itaiona laptopu kama mgeni na kuipa anwani nyingine.

Mkokoteni: Ruta bado sinunui. Nimerudisha otomatiki, intaneti ipo. Runinga bado haioni muvi.

Fundi_Nyaya: Ukurasa uleule, juu, badilisha aina ya mtandao kutoka wa umma kuwa binafsi. Ukiwa wa umma, faiawoli (ukuta wa ulinzi wa Windows) inaificha laptopu. Na ukikuta IP inaanza na 169.254, haijapewa anwani: zima hotispoti, washa tena.

Mkokoteni: Imeonekana! Asanteni wakuu.