BMW 530i E60 gia inagonga na mafuta inachelewa kuitika, nianzie wapi?

Habari wakuu, nina E60 (toleo la BMW 5 Series) ya 2005, gia boksi ni otomatiki ya kampuni ya ZF, modeli 6HP19. Asubuhi ikiwa baridi naweka D inakaa kidogo ndo inashika kwa kishindo, halafu kwenye foleni nikikaribia kusimama inashuka gia inagonga kama imesukumwa nyuma. Pia nikikanyaga mafuta kutaka kuovateki inawaza kwanza ndo iondoke. Fundi anasema ninunue gia boksi la mtumba. Hela ndefu, nisaidieni kabla sijatoa.

JIBU
Mkuu usinunue boksi kabla ya kuangalia oili ya gia boksi! Hiyo boksi haina dipstiki (kijiti cha kupimia oili), wengi wanamwaga na kujaza kwa kukisia. Levo inapimwa enjini inawaka, gari imelala sawa, ushapitisha gia zote, na oili iwe kati ya nyuzi 30 na 50, ndo unafungua nati ya kujazia uone kama inachuruzika. Oili ni Lifeguard 6 ya ZF au inayofanana nayo kispeki, sio ile nyekundu ya kila gari. Na wale wanaosema oili ya humo ni ya maisha, ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila miaka 8.

JIBU
Naongezea, chungulia pale soketi ya waya inapoingia kwenye boksi, kuna bushi ya plastiki yenye oringi, ikizeeka inavujisha taratibu na levo inashuka bila kuona doa kubwa chini. Ukishusha sampo (lile bakuli la oili chini ya boksi) badilisha yote maana filta imejengewa humo humo. Ukimaliza mafundi wafute adapteshoni (kumbukumbu ya jinsi boksi ilivyojizoesha kubadili gia) kwa kompyuta, uendeshe taratibu ijifunze upya.

MUULIZAJI
Asanteni sana wakuu, kweli nimeona unyevu pale kwenye soketi. Na hii ya mafuta kuchelewa nayo ni gia?

JIBU
Sio lazima, usichanganye. Weka gia kwa mkono ubaki ya 3, kanyaga polepole, kama enjini yenyewe inasita basi angalia sensa ya hewa na ile hosi ya mpira ya kuingizia hewa, zinapasuka kwenye mikunjo huwezi kuona mpaka uivute. Ila kama rpm (mizunguko ya enjini) inapanda vizuri na gari haiendi, hapo ni boksi inateleza, usiendelee kuiendesha mpaka levo ipimwe.