Shamba la minazi Jambiani: je, mtu wa Bara anaweza kulinunua?

Mstaafu Mtarajiwa (Dodoma):
Habari zenu ndugu. Nimebakiza miaka miwili kustaafu na ningependa kuishi karibu na bahari. Nimeoneshwa robo eka yenye minazi huko Jambiani, Unguja, kwa shilingi milioni tisa, na muuzaji ana karatasi yenye saini za mashahidi wawili. Je, inatosha?

Mkaazi wa Makunduchi:
Ndugu yangu, usitoe hata shilingi kwanza. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1992, haki ya matumizi ya ardhi hupewa Mzanzibari. Kuwa Mtanzania peke yake hakutoshi. Jambo la pili ndilo linalowaponza wageni wengi: kwetu sisi mti na ardhi ni mali mbili tofauti, kiasi kwamba mtu anaweza kukuuzia minazi, ukaangua nazi zako miaka yote, na kiwanja kikabaki cha ukoo wake. Isome tena karatasi hiyo polepole, kisha muulize sheha wa hapo, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huo, si dalali, kama warithi wote wanalijua shamba hilo linauzwa.

Msomaji wa Fumba:
Njia iliyo wazi kwa asiye Mzanzibari ni kununua fleti chini ya sheria ya mwaka 2010 ya nyumba za ghorofa zinazomilikiwa kwa sehemu, kama zinavyouzwa hapa Fumba. Ila sidhani kama kwa milioni tisa utapata hata chumba, na ada ya huduma haikomi.

Mvuvi wa Kilindoni:
Kwa nini usifikirie kisiwa cha Mafia? Huku zinatumika sheria za Bara, yaani Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 za mwaka 1999, kwa hiyo unaomba ardhi kama ambavyo ungeomba Dodoma, ingawa ya kijiji ni lazima ipitie halmashauri ya kijiji. Chunguza tu kama eneo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, maana humo ujenzi una masharti yake. Na uzoee boti ya kuvukia huku kutoka Nyamisati, upande wa Bara. Wakati wa upepo wa kusi utatapika.

Mstaafu Mtarajiwa:
Nimeisoma. Imeandikwa "vipando vyote vilivyomo". Neno ardhi halimo popote. Mvuvi, boti huondoka saa ngapi?