Naomba ushauri: nipo Gujarat, nimealikwa safari ya injili vijijini na mama mwenye nyumba ameumia sana

Binti_wa_Tukuyu
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Niko mwaka wa pili wa masomo Vadodara, jimbo la Gujarat, India. Nimepanga chumba kwa mama mmoja Mhindu, mtu mzima, tunamwita Ba. Nilipougua dengi mwaka jana alinipikia khichdi na kunilisha kwa mkono wake.

Kikundi chetu cha maombi kimepanga kwenda wilaya ya Dangs kwa Waadivasi, yaani watu wa makabila ya asili ya India, siku tatu: kuimba, kutoa ushuhuda, kugawa dawa, blanketi na vipeperushi vya Kigujarati. Nimeombwa nitoe ushuhuda kwa sababu mgeni Mwafrika huvuta watu. Ba akaviona vile vipeperushi mezani. Hakunigombeza. Alikaa kitandani kwangu akaniuliza, "Binti yangu, miungu yangu imekukosea nini?" Tangu siku hiyo chakula analeta, ila anakiweka mlangoni na kuondoka.

Kwetu Rungwe wamisionari Wamoraviani walifika 1891, na bibi yangu akiwataja anataja shule na dawa. Huku likitajwa neno hilohilo watu wanakunja nyuso. Niende? Na Ba nimwambie nini? Sitaki kumpoteza, wala sitaki kumkana Yesu.

Kijana_wa_Ilala
Dada, usiende. Mimi Muislamu, nimesoma Hyderabad miaka minne, kwa hiyo sisemi kwa ubaya na dini yako. Visa yako ni ya masomo. India ina visa ya pekee ya wamisionari, na wewe ukikutwa unahubiri unaweza kufutiwa yako na kurudishwa nyumbani. Hata ndugu zetu wa Tabligh, visa ya utalii haiwaruhusu.

Halafu Gujarat ina sheria yake ya 2003. Kumbadilisha mtu dini kwa nguvu, kwa hila au kwa kumshawishi na vitu ni kosa, kifungo hadi miaka 3. Akiwa mtoto, mwanamke au mtu wa makabila yaliyotajwa kisheria, hadi miaka 4, na Dangs karibu wote ni wa makabila hayo. Anayetaka kumwingiza mtu dini nyingine aombe kwanza kibali cha mkuu wa wilaya. Blanketi mkono huu, kipeperushi mkono ule: polisi akisema huo ni ushawishi, utamjibu nini?

Mtumishi_Mbeya
Binti, Mathayo 28:19 haikuulizia visa. Mmisionari Graham Staines wa Australia alifika jimbo la Odisha, India, 1965 akawahudumia wenye ukoma. Januari 1999 alichomwa moto ndani ya gari na wanawe wawili, mmoja wa miaka 10, mwingine 6. Mkewe Gladys alisamehe hadharani na akabaki kwa miaka kuendeleza kazi. Nenda, Mungu atakulinda.

Kijana_wa_Ilala
Mtumishi, kwa heshima zote. Staines aliishi na watu wale miaka zaidi ya thelathini. Binti anaenda siku tatu. Na hiyo Dangs ndiko makanisa mengi madogo yalikoshambuliwa Krismasi ya 1998. Wageni wakishapanda basi kurudi mjini, Wakristo wa pale ndio wanaobaki na majirani zao.

Upanga_Dukani
Dada yangu, mimi ni Mhindu, nimezaliwa Upanga, babu alitoka Gujarat hiyohiyo. Nikusaidie kumsikia Ba.

Kwetu mtu huzaliwa ndani ya dini kama anavyozaliwa ndani ya ukoo. Wengi wetu hatuendi kutafuta waumini. Bibi yangu aliweka picha ya Yesu kando ya mungu wetu Krishna na kuwasha taa mbele ya wote wawili. Kinachomuuma mtu kama yeye ni kuambiwa kwamba ili Yesu aingie, Krishna lazima atoke nje. Ba alikulisha kwa mkono wake, kisha akaona karatasi inayosema nyumba yake imejaa giza. Hapo hakusoma habari za dini, alisoma habari zake mwenyewe.

Na kuna kumbukumbu ndefu. Huko Goa Wareno walibomoa mahekalu, na 1560 wakaanzisha mahakama ya kuwasaka walioshika mila zao za zamani kwa siri. Gandhi, mtoto wa Gujarat, alikuwa na rafiki wa moyoni, kasisi Mwingereza C. F. Andrews, lakini alipinga wazi hospitali na shule kutumiwa kama chambo. Ukibeba dawa na kipeperushi kwenye mfuko mmoja, hicho ndicho wanachokiona.

Mama_wa_Moshi
Nakubali nusu. Upande mwingine nao usemwe. Ambedkar, Mdalit (mtu wa matabaka ya chini yaliyotengwa) aliyeongoza kamati ya rasimu ya katiba ya India, aliingia Ubudha Nagpur mwaka 1956 pamoja na malaki ya watu, maana walichoka kukatazwa visima na mahekalu. Nani aliwahonga? Na Mdalit akibatizwa Mkristo anapoteza nafasi za masomo na kazi alizotengewa na serikali, kwa agizo la 1950. Hapo mtu anaingia hasara kwa kubadili dini.

Mahakama ya Juu ilisema 1977 kwamba haki ya kueneza dini si haki ya kumbadilisha mwingine. Sawa. Lakini yule anayetaka kubadilika mwenyewe, kwa nini akaombe ruhusa ofisini? Hilo linaniumiza.

Mwanangu, usiende, ila usimfiche Ba imani yako. Kaa naye uzungumze.

Binti_wa_Tukuyu
Nimerudi. Sikwenda. Nimewaomba wenzangu dawa zipelekwe zahanati bila vipeperushi. Wawili wamekubali, kiongozi amenuna.

Jana nilimweleza Ba kwamba nampenda Yesu na sitamwacha, na kwamba yeye sikuwahi kumwona kama mtu wa kuvunwa. Nikamsimulia Rungwe. Akauliza, "Kabla ya hao Wazungu, bibi zako walimwita Mungu nani?" Nikamwambia Kyala. Akauliza kama jina hilo bado lipo. Lipo, Wanyakyusa tunaomba nalo kanisani mpaka leo. Akanyamaza muda mrefu.

Leo chai ameingia nayo ndani, akakaa. Upanga_Dukani, kaka, nisaidie: kwa Kigujarati namwombaje radhi kwa kumuumiza, bila kuonekana naiombea radhi imani yangu?

Upanga_Dukani
Sema "Mane maaf karjo, Ba." Imani yako haimo humo. Na uiname umguse miguu kwanza. Usiogope, hiyo si ibada, ni shikamoo ya huko.