Msiniambie tena ni mafuta machafu: pampu ya mafuta ya gari hili nusura ituue Mau Summit

Wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Nilinunua gari la familia la viti saba kwenye yadi moja hapa Nakuru. Limetoka Japani, lina miaka saba, maana sheria hairuhusu kuingiza lililozidi minane. Hata miezi mitano haikuisha, likanizimia tukitoka Kisumu, tumeshapita Londiani tunapanda kuelekea Mau Summit. Mama yangu yuko mbele, watoto wanne nyuma, na trela inatunguruma mgongoni.

Nilikanyaga mafuta, gari likashtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi. Taa ya injini ikawaka, nguvu zikakata, usukani ukawa mzito. Dereva wa trela akapiga honi, akatupita upande wa pili wa barabara. Angekutana na gari linaloteremka pale, nisingekuwa hapa naandika. Kijana wangu wa miaka kumi na mmoja ndiye tuliyekata naye matawi na kuyatandaza barabarani, huku mama akiomba kwa sauti. Baada ya nusu saa hivi gari likapoa, likawaka kama halijawahi kuugua.

Nikaenda yadi. Jibu la kwanza: "Mama, uliweka mafuta wapi?" Yaani eti niliweka mafuta machafu.

Haya. Fundi wangu akainua kiti cha nyuma, akafagia makombo ya biskuti, akafungua kifuniko cha tangi. Akachota petroli ndani ya chupa safi ya soda, tukaiacha usiku kucha. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekuwemo tungeyaona chini. Asubuhi chupa ilikuwa safi juu hadi chini, hakuna tone la maji wala uchafu. Nimeipiga picha.

Nikawapelekea yadi. Wakageuza wimbo: eti naendesha tangi likiwa karibu tupu. Ni kweli pampu ya mafuta hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli iliyomo, na anayezoea kuendesha taa ya mafuta ikiwaka anaichosha. Lakini mimi najaza kabla halijafika robo, na risiti zote ninazo!

Nililoligundua baadaye ndilo linaloniuma zaidi. Tangu 2020 magari mamilioni ya kampuni mbalimbali duniani yameitwa yarudishwe kwa sababu ya pampu za mafuta zenye kasoro. Ndani kuna gurudumu dogo la plastiki linalosukuma petroli. Plastiki ile hunywa mafuta, huvimba, hukwaruza ganda la pampu, mwisho hukwama na injini hukosa mafuta. Nikaingiza nambari ya chesi yangu kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari. Ipo! Mwenye gari wa Japani hubadilishiwa bure. Nikapiga simu kwa wakala wa hapa Kenya, nikaambiwa gari hilo hawakuliuza wao. Yadi nao wanasema wao ni wauzaji, si watengenezaji. Basi nimlilie nani?

Pampu nimenunua mwenyewe, shilingi 38,000 na ufundi juu. Ile ya zamani ninayo kwenye mfuko wa plastiki. Ukilizungusha lile gurudumu kwa kidole linagoma nusu mzunguko.

Ninachodai kwa yadi hii ni pesa zangu, na kwamba waichunguze nambari ya chesi ya kila gari walilopanga pale kabla halijapata mnunuzi. Ni kazi ya dakika mbili kwenye simu. Kumwuzia mtu mwenye watoto bila kuangalia ni ukatili, na nitawaambia hivyo nikiwa mbele yao Jumatatu.

Wenye magari ya viti saba ya kutoka Japani, geuzeni ufunguo bila kuwasha injini, msikilize chini ya kiti cha nyuma. Pampu isiyo na kasoro huvuma sekunde mbili hivi. Langu siku zile lilikuwa likikoroma, nami nikadhani ndivyo lilivyo. Kama lako limewahi kukuzimia likiwa na joto, andika hapa mwaka wake na kilomita, nichapishe niende nazo.